Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mpasuaji Hamalizi Kusoma Anatomia

Toleo lililopita tulidai kwamba daktari wa upasuaji husoma anatomia mpaka siku anapovua glavu kwa mara ya mwisho. Wasomaji wametubana: mwili si ni uleule, sasa kuna nini cha kusoma kila siku? Hapa tumejibu barua zilizogusa jambo hilo kwa karibu. Zile za kuomba ushauri wa dawa tumeziweka kando. Kwa hizo mwone daktari wako ana kwa ana.

Swali: Wahariri, salamu. Mama yangu ana goita kubwa na amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Jirani yetu alifanyiwa upasuaji kama huo na sauti yake imekuwa ya kukwaruza hadi leo. Inakuwaje mtu apasuliwe shingo halafu apoteze sauti? Na sisi ndugu tumuulize nini daktari? — Msomaji, Njombe

Jibu: Mpe pole mama. Mikononi mwa mtu aliyeizoea kazi hii, kupoteza sauti moja kwa moja ni jambo la nadra. Lakini swali lako ni zuri, kwa sababu hakuna upasuaji unaoonyesha thamani ya anatomia kama huu.

Kinachoumia mara nyingi si kikoromeo chenyewe bali neva inayokiendesha. Kila upande wa shingo una yake, unene wake milimita 1 hadi 2. Njia yake ni ya ajabu. Inachipuka kwenye neva kubwa ya vagasi, inateremka, kisha inageuka na kupanda tena. Upande wa kulia inapinda chini ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, inayokwenda mkononi, karibu na mtulinga. Upande wa kushoto inashuka hadi ndani ya kifua na kupinda chini ya upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni. Ikipanda inafuata mfereji ulio kati ya bomba la hewa na umio, inapita nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba ikawa goita, na kuzama kwenye kikoromeo.

Mpasuaji anayejua tu kwamba "iko nyuma ya tezi" anajua nusu ya habari. Neva ya kulia huja kwa mshazari kuliko ya kushoto. Inapokutana na ateri ya chini ya tezi inaweza kupita mbele yake, nyuma yake, au katikati ya matawi yake. Kwa hiyo ateri hiyo inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Tena kuna watu, kama 1 kwa 100 au pungufu, ambao neva yao ya kulia haishuki kabisa: inatoka kwenye vagasi na kwenda moja kwa moja kwenye kikoromeo, ikikatiza pembeni mwa tezi. Asiyejua kwamba hali hiyo ipo ataiona kamba nyeupe imekaa mkingamo, ataidhania mshipa wa damu, ataifunga uzi na kuikata. Naye anayeijua, akiikosa neva mahali pake pa kawaida upande wa kulia, hakati chochote kinachokwenda mkingamo mpaka akijue ni nini.

Sehemu ya hatari zaidi ni sentimita 1 au 2 za mwisho, pale tezi ilipogandamana na bomba la hewa kwa ukano mfupi mgumu. Tezi ikivutwa mbele, neva nayo inavutwa na kujikunja. Hapo hapo pana ateri ndogo inayopenda kuvuja. Damu inatokea, mpasuaji anaingiwa na haraka, anabana kwa kukisia au anachoma kwa kisu cha umeme, na sauti imekwenda. Dawa yake ni kukandamiza kwa shashi dakika 2 bila kuchungulia, kulegeza mvuto wa tezi, kunyonya damu, kuitambua neva, ndipo ufunge mshipa kwa uzi mwembamba. Neva unaijua kwa weupe wake unaong'aa na kijimshipa chembamba chekundu kinachotambaa juu yake. Haidundi.

Kuna neva nyingine, ya juu, ambayo hata madaktari huisahau. Hiyo hukaza nyuzi za sauti. Ikiumia mtu anaongea vizuri tu, ila sauti ya juu haipandi na akisema kwa muda mrefu anachoka. Kwa wengi ni usumbufu mdogo. Kwa mwimbaji wa taarab, muadhini au mwalimu wa darasa la watoto 80 ni riziki. Inapita karibu na ncha ya juu ya tezi, na goita ikiwa kubwa ile ncha inapanda na kuikuta. Kwa sababu hiyo mishipa ya damu ya juu hufungwa mmoja mmoja, ikigusa tezi kabisa. Kuifunga yote kwa fundo moja kubwa huko juu ni kuitafutia neva balaa.

Kisha kuna tezi za paratiroidi, kwa kawaida 4, kila moja ukubwa wa punje ya dengu na uzito wa miligramu 30 hadi 40. Hizo ndizo zinazotunza kalsiamu ya damu. Rangi yake ni ya manjano inayoelekea kahawia, na ni rahisi kuzidhania mafuta. Za juu hazihami sana: hukaa nyuma ya neva, kama sentimita 1 juu ya pale inapokatana na ateri ya chini. Za chini hukaa mbele ya neva, lakini mtoto akiwa tumboni hushuka pamoja na tezi ya thaimasi iliyo kifuani, hivyo unaweza kuzikuta popote kuanzia ubavuni mwa tezi hadi kifuani. Zote hutegemea zaidi ile ateri ya chini. Ukiifunga kwenye shina umezikatia damu hata kama hukuzigusa. Funga matawi yake juu ya gamba la tezi. Iliyokwisha kuwa nyeusi haitapona pale ilipo: hukatwa vipande vya milimita 1 na kupandikizwa ndani ya msuli wa shingo.

Zikiumia, kati ya siku ya 1 na ya 3 mgonjwa anahisi ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole, kisha mikono inakakamaa. Hapo hatakiwi kuambiwa apumzike. Anahitaji kupimwa kalsiamu, na ikiwa dalili ni kali apewe mililita 10 za kalsiamu glukonati ya asilimia 10 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, moyo ukiangaliwa.

Mkienda kumwona daktari ulizeni hivi. Je, nyuzi za sauti zitaangaliwa kabla ya upasuaji? Goita yenyewe inaweza kuwa imeshaua neva moja na sauti isibadilike, na anayepasua lazima ajue kama amebakiwa na moja tu. Je, kalsiamu itapimwa kesho yake? Na usiku wa kwanza nani atakaa karibu na mama, na je, anajua kufungua kidonda? Swali hilo la mwisho msilione haya. Damu ikivujia chini ya misuli ya shingo inabana mishipa ya kurudisha damu, kikoromeo kinavimba ndani, na mgonjwa anakosa hewa huku shingo ikionekana imevimba kidogo tu. Hapo hakuna kusubiri chumba cha upasuaji. Nyuzi za ngozi zinakatwa palepale kitandani, kisha nyuzi za misuli ya katikati, donge la damu linatolewa kwa kidole, ndipo mgonjwa anakimbizwa. Wengi hukosea kwa kufungua ngozi tu na kuiacha misuli imefungwa, wakati damu iko chini ya misuli.

Swali: Katika darsa moja tuliambiwa kwamba tabibu wa Kiislamu wa Andalusia alionya zamani juu ya kupasua bila kujua maumbile ya mwili. Ni kweli au ni masimulizi tu? — Msomaji, Unguja

Jibu: Ni kweli. Ni al-Zahrawi wa Qurtuba (Córdoba ya leo, Hispania), aliyefariki karibu na mwaka 1013. Aliandika kwamba mtu asiikaribie kazi ya mkono, yaani upasuaji, kabla ya kuijua anatomia, na akatoa mfano wa tabibu mjinga aliyepasua uvimbe kwenye shingo ya mwanamke, akakata ateri, na yule mwanamke akavuja damu hadi kufa mbele yake. Shingo tena!

Historia ya goita yenyewe ina funzo jingine ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi. Karne ya 19 Theodor Kocher kule Bern, Uswisi, alikuwa akipasua taratibu, damu kidogo, tabaka kwa tabaka, na vifo miongoni mwa wagonjwa wake vikashuka chini ya 1 kwa 100. Wagonjwa wake aliowaondolea tezi yote walidumaa na kuvimba uso, jambo alilolieleza mwaka 1883. Kwa Theodor Billroth wa Vienna, aliyepasua kwa kasi, tatizo lilikuwa jingine: wagonjwa walikakamaa mikono. Baadaye Mmarekani William Halsted alieleza tofauti hiyo: Kocher, kwa usafi wake, aliitoa tezi yote na kuziacha paratiroidi salama; Billroth, kwa haraka yake, aliacha vipande vya tezi lakini akaziumiza au kuziondoa paratiroidi. Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alikuwa ameshazieleza paratiroidi za binadamu mwaka 1880, ila kazi ya tezi hizo mwilini ilikuwa bado haijulikani. Kocher alipata tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Swali: Mimi ni daktari msaidizi katika hospitali ya wilaya. Nafanya upasuaji wa kujifungua, na mara mojamoja nalazimika kutoa kizazi mama anapovuja damu bila kukoma. Naogopa kuikata ureta kuliko ninavyoiogopa damu yenyewe. Niitafutie wapi? — Kigoma

Jibu: Ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na nusu yake ya chini inapita katikati ya uwanja wako wa kazi. Kosa la kawaida ni kuitafuta pale pale penye damu. Itafute mbali, ambako tishu bado ni safi: kwenye ukingo wa nyonga, pale ateri kubwa ya iliaki inapogawanyika mara mbili. Kwa kawaida ureta inakatiza mbele ya panda hiyo. Fungua utando wa tumbo pembeni mwa mishipa ya ovari, sambamba nayo, kisha tazama upande wa ndani wa utando uliofungua: ureta imeshikamana nao.

Kuithibitisha, iguse taratibu kwa ncha ya koleo na usubiri sekunde chache. Itajikunja na kujinyoosha. Ateri inadunda, vena (mshipa wa kurudisha damu) inalala ukiibonyeza, ureta inatambaa. Ukishaiona usiimenye wala kuizungushia uzi wa kuivutia bila sababu. Damu yake huingia kutoka upande wa ndani juu ya ukingo wa nyonga, na kutoka upande wa nje ndani ya nyonga. Ukiichuna utando wake inabaki nzima leo na kuoza wiki ijayo.

Inaumizwa hasa mahali patatu. Pa kwanza ni juu, unapobana mishipa ya ovari, maana iko chini yake kidogo tu. Pa pili, na hapa ndipo pa kuwa macho zaidi, ni pale ateri ya mji wa mimba inapopita juu yake, sentimita 1.5 hadi 2 pembeni mwa shingo ya kizazi. Pa tatu ni kwenye kona za uke, inapogeuka mbele kuingia kibofu.

Sentimita 2 au chini ya hapo ndiyo nafasi uliyonayo, na mambo mawili huiongeza. Msaidizi auvute mji wa mimba juu kwa nguvu na upande wa pili wa pale unapobana. Nawe ushushe kibofu kwanza, ukianzia katikati, kwa mkasi na siyo kwa kusukuma na shashi iwapo mama alishapasuliwa kabla, kwa sababu kovu limekigandisha na shashi itakichana. Kibofu kikishuka, ureta inashuka nacho. Baada ya hapo kibanio kinawekwa kikiukumbatia ukuta wa mji wa mimba. Kibanio cha pili hukaa upande wa ndani wa cha kwanza, kamwe si nje yake.

Na kama damu inatoka kwenye mwili wa mji wa mimba, acha shingo ya kizazi mahali pake. Mama ambaye njia imeshafunguka kabisa shingo yake ya kizazi imelainika mno, huwezi kupapasa ikajulikana inaishia wapi, na kila sentimita unayoshuka inakusogeza kwenye ureta. Tofauti ni kondo lililokaa chini au mpasuko wa shingo yenyewe. Huko usiposhuka damu haitakoma.

Ureta nyingi zinazofungwa wakati wa kujifungua hazifungwi kwa kutoa kizazi bali kwa mshono wa kuufunga mji wa mimba baada ya kumtoa mtoto. Mji wa mimba wa mjamzito huwa umezunguka kuelekea kulia, hivyo kona ya kushoto pamoja na mishipa yake imekuja mbele. Kabla ya kukata, papasa kano mbili za mviringo, moja kila upande, uone katikati halisi ni wapi. Uchungu ukiwa umekomaa na kichwa kimeshuka sana, sehemu ya chini ya mji wa mimba imenyooka na kuwa nyembamba. Kata juu kidogo kuliko ulivyozoea, la sivyo utajikuta ndani ya uke. Kona ya mkato ikichanika usirushe sindano ndani ya dimbwi la damu. Utoe mji wa mimba nje ya tumbo, bana kona kwa vidole, sukuma kibofu chini, ione ncha ya mpasuko kwa macho, ndipo ushone kuanzia nje kidogo ya ncha hiyo.

Baadaye mama akipata maumivu ya ubavu na homa, fikiria ureta iliyofungwa. Akianza kuvuja mkojo ukeni wiki ya kwanza au ya pili huku anakojoa kama kawaida, weka shashi tatu ukeni, moja juu ya nyingine, kisha jaza kibofu maji yenye rangi ya buluu ya methilini. Shashi ya juu ikiloa bila rangi, ni ureta. Ikiwa ya buluu, ni kibofu. Mpeleke panapotibiwa fistula, na uandike kwenye karatasi ya rufaa ulikuta nini na ulishona wapi.

Swali: Nipo mwaka wa tatu udaktari. Siku hizi kuna CT (picha za ndani ya mwili zinazotengenezwa kwa kompyuta), kuna programu za mwili wa pande tatu kwenye simu. Kwa nini bado tunakaririshwa matawi ya ateri? — Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Nusu tuko pamoja nawe. Kukariri orodha ya majina ili ufaulu mtihani wa mdomo hakumsaidii mgonjwa yeyote. Kinachomsaidia ni kujua nini kimepakana na nini, kwa mpangilio gani wa tabaka, na mara ngapi mpangilio huo hubadilika. Picha ya CT hupigwa mtu amelala mwili umetulia. Siku ya upasuaji shingo imepindwa nyuma, tumbo limejazwa gesi, na kiungo kinavutwa na mkono wa msaidizi.

Chukua mfuko wa nyongo unaotolewa kwa matundu madogo. Mrija wake mfupi unatakiwa kukatwa, mrija mkuu wa nyongo hautakiwi kuguswa. Mfuko ukivutwa juu kupita kiasi, mirija hiyo miwili inanyooka ikawa kama mmoja, na ule mkuu unaonekana kabisa kuwa ndio wa kukata. Kadhalika, takriban mtu 1 kati ya 10 ateri ya ini ya kulia haitoki mahali pake pa kawaida, na hupita nyuma ya mrija mkuu hadi ndani ya pembetatu unayoisafisha, iliyo kati ya mirija hiyo miwili na ini.

Lakini tusiitukuze anatomia kuliko inavyostahili. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walichapisha uchambuzi wa majeraha 252 ya mirija ya nyongo: asilimia 97 yalitokana na macho kudanganyika, na asilimia 3 tu na uhaba wa ustadi wa mikono. Madaktari hao anatomia waliijua. Walichokosa ni kizuizi cha kuwasimamisha. Kizuizi hicho Steven Strasberg na wenzake walikuwa wameshakieleza mwaka 1995: usikate mpaka mafuta yote ya pembetatu yameondolewa, theluthi ya chini ya mfuko imebanduliwa kwenye ini, na vitu viwili tu, si vitatu wala kimoja na nusu, vinaonekana vikiingia kwenye mfuko. Hali hiyo isipopatikana kwa sababu ya uvimbe, unafungua tumbo, unamwita mwenzako, au unaukata mfuko kwa juu na kuiacha sehemu ya chini. Kuendelea kwa matumaini si mojawapo ya njia.

Kwa hiyo kariri, ila kariri kwa maswali: nikikata hapa, nyuma yake kuna nini? Kama hakipo, kimekwenda wapi?

Swali: Chuoni kwetu mwili mmoja wa kujifunzia unazungukwa na wanafunzi wengi hadi wa nyuma hawaoni. Kuna njia nyingine ya bei nafuu? — Msomaji, Bukoba

Jibu: Ipo buchani. Mwombe mwuza nyama mapafu, moyo na bomba la hewa la mbuzi vikiwa bado vimeshikana. Mweleze mapema asitenganishe. Mbuzi hukatwa juu, karibu na kikoromeo, kwa hiyo sehemu ya chini unaipata nzima. Lowesha kwa maji ya chumvi, weka juu ya ubao, na ukiwa na mkasi mdogo na koleo mbili nyembamba fuata upinde wa aota. Chini yake utaikuta neva ya kushoto ikigeuka na kuanza kupanda ubavuni mwa bomba la hewa. Ifuate kwa kufungua ncha za mkasi sambamba nayo, bila kuikata njia. Itakuchukua saa nzima mara ya kwanza, na huenda ukaikata. Angalia uliikata wapi na ulikuwa unavuta nini wakati huo.

Ukimaliza, chora ulichokiona kwa penseli bila kufungua kitabu, kisha linganisha. Na ukibahatika kusimama kwenye upasuaji wa kweli, usishindane na wenzako kushika vyombo. Simama unapoona, na daktari akishaitambua neva, mwombe akueleze ameijuaje.